Kuangalizia watu mbwa na paka mbali na unapoishi: uchaji kivipi? Njia nne za kupanga bei

Anayefanya hii kazi Dar anajua wateja wake wanakaa wapi: Masaki, Oysterbay, Mikocheni, Mbezi Beach, na siku hizi Kigamboni huko watu wamejenga kufuata bahari. Anajua pia yeye mwenyewe anakaa wapi, Kimara, Tabata, Mbagala, Gongo la Mboto. Mteja akiuliza "kwa siku shingapi?" anawaza mtu kumwaga chakula kwenye bakuli, kubadilisha maji na mchanga wa paka, dakika arobaini umemaliza. Wewe unawaza magari mawili, boda moja, na hapo nusu ya siku imeisha. Wote mko sahihi, ndo maana bei za kazi za mbali zinaleta ugomvi kuliko za mtaani kwako.

Watu wanachaji kwa njia kama nne hivi. Kuna bei moja ya jumla, kuna bei ya kazi na nauli pembeni, kuna bei za kanda, na kuna kulala hukohuko. Sitakwambia ipi ndo kiboko maana nimeona zote zikifanya kazi na zote zikimuumiza mtu, inategemea njia, mteja na mnyama mwenyewe.

Tunazipimaje

Mimi naangalia vitu vinne tu. Cha kwanza, barabara ikigoma nani anaumia, mvua imepiga, Jangwani kumejaa maji, boda kapandisha, hiyo hela ya ziada inatoka mfuko wa nani? Cha pili ni muda wako njiani, unalipwa au unautoa sadaka. Cha tatu, mteja anaielewa bei haraka kiasi gani bila kuhisi anapigwa. Cha nne mnyama anapata nini, maana kuna njia za bei zinazokusukuma ufanye kazi fupi na kuna zinazokusukuma ukae.

Alafu kuna kitu watu wanasahau wakati wa kupanga bei: mteja wa Dar hakulinganishi sana na muangalizi mwingine, anakulinganisha na mlinzi wa getini au dada wa kazi. Kichwani anajua akimuachia mlinzi elfu tano tano kwa siku mbwa atakula. Kwahiyo njia yoyote utakayochagua lazima iweze kujibu swali la "kwa nini wewe na sio mlinzi", na nauli sio jibu la hilo swali.

Tutumie kazi moja kwa njia zote ili tuone tofauti. Tufanye unakaa Kimara, mteja yuko Mjimwema, Kigamboni, ana paka wawili, anasafiri, unatakiwa uende mara moja kwa siku kwa siku tano. Kazi ya karibu na kwako unachaji 15,000 kwa ziara. Njia ni basi la mwendokasi mpaka Kivukoni, pantoni, alafu boda upande wa pili. Tufanye mwendokasi 1,000, pantoni 200, boda 3,000, jumla 4,200 kwenda na 4,200 kurudi, yani 8,400 kwa siku. Muda ni masaa mawili kwenda na mawili kurudi siku ikiwa nzuri. Hizi namba ni za mfano, weka zako.

1. Bei moja ya jumla

Unampa mteja namba moja, "kazi yote laki moja na nusu", imeisha. Ndani yake umeshaweka kazi, nauli na kila kitu.

*Barabara ikigoma:* unaumia wewe. Kwenye mfano wetu kazi ni 75,000 na nauli 42,000, jumla 117,000, kwahiyo kwenye laki na nusu unabaki na 33,000 ya kufidia masaa ishirini ya njiani, kama 1,650 kwa saa. Sio mbaya sana. Sasa siku moja pantoni likasumbua, ukalazimika kuzunguka na gari kwa daraja la Nyerere kule Kurasini ikakuzidishia elfu ishirini, ile 33,000 imekuwa 13,000 na saa lako la njiani limeshuka mpaka 650. Siku moja tu hiyo. Ila upande wa pili nao upo, ukipata lifti au boda wa bei nzuri unayemzoea, tofauti ni yako na hakuna wa kukuuliza.

*Muda:* unalipwa kama ulikumbuka kuuweka. Wengi hawakumbuki, wanajumlisha nauli na kazi wanaishia hapo.

*Mteja:* anaipenda kuliko zote. Namba moja, anatuma, anasafiri, hakuna meseji za "leo boda elfu tano". Mtu yuko uwanja wa ndege Doha anaunganisha ndege hataki kusoma habari za boda.

*Mnyama:* hapa pana shida kidogo, bei ikishafungwa kila dakika unayoongeza pale ni ya bure, kwahiyo siku ukichelewa kwenye foleni unajikuta unafanya haraka haraka utoke. Ziara iwe na muda wake wa chini uliosemwa kabisa, mfano dakika 45, usimuachie mteja akisie.

*Inamfaa:* mwenye njia anayoijua vizuri na kazi fupi, siku mbili mpaka wiki. Kiangazi zaidi kuliko masika. Kwa njia ambayo hujawahi kupita mimi nisingeigusa.

2. Bei ya kazi, nauli pembeni

Hapa unasema ziara ni 15,000 kama kwa mteja wa jirani, na nauli unalipa wewe mteja kama ilivyotumika. Inaonekana ndo ya haki kuliko zote na kwa kweli kwa upande wa nauli ni ya haki.

*Barabara ikigoma:* anaumia mteja. Mafuta yakipanda, na EWURA wanatangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi kwahiyo kazi inayovuka mwezi inaweza kubadilikiwa katikati, wewe hujali, unaandika ilivyokuwa.

*Muda:* hapa ndo mtego ulipo. Nauli imerudi yote, 42,000 kamili, lakini yale masaa ishirini hakuna aliyeyalipa. Umepata 75,000 ileile ambayo ungepata kwa mteja wa mtaa wa pili kwako ambaye ungemaliza kabla ya saa nne asubuhi na ukaenda kwa mwingine. Watu wanafurahi kwamba nauli hawakutoa mfukoni, hawaoni kwamba wateja wawili waliowakataa wiki ile ndo nauli kubwa. Ukiamua njia hii ongeza mstari wa tatu, hela ya muda wa njiani, hata 2,000 kwa saa. Kwa mfano wetu ni 40,000, jumla inafika 157,000, na sasa mteja anaona kila kitu kimetoka wapi.

*Mteja:* wako wa aina mbili. Wale wa maofisini na mashirika wanaoishi na risiti wanaipenda sana, ni lugha yao. Wengine inawakera, na inawakera zaidi kwa sababu boda hana risiti, mwendokasi una tiketi lakini boda anakwambia tu "tatu" na wewe unamwandikia mteja "tatu", anaamua kuamini au kutokuamini. Ukisema boda elfu tano kwa sababu mvua ilinyesha na yeye kaangalia hali ya hewa kwenye simu kaona jua, tayari kuna neno. Dawa ni kuweka kikomo: "nauli haitazidi 12,000 kwa siku, ikizidi nakujulisha kabla sijapanda". Kikomo hiki kinapunguza ugomvi kuliko hata risiti.

*Mnyama:* haimuathiri sana, ila mteja anayelipa nauli kila siku huanza kuuliza kama paka hawawezi kukaa siku moja bila kutembelewa. Paka mzima mwenye maji na chakula cha kutosha pengine ataivuka siku, lakini ukifika kesho yake ukakuta bakuli la maji limepinduka kwa joto la Dar utajua kwa nini unakataa. Mbwa hilo halizungumziki.

*Inamfaa:* anayeanza na hajui njia itamgharimu ngapi, kazi ndefu za mwezi na zaidi, na mteja anayependa hesabu.

3. Bei za kanda

Unagawa mji mara tatu au nne na kila kanda ina bei yake ya ziara, nauli na muda vikiwa ndani. Mfano kanda ya kwanza unapofika kwa mguu au gari moja 15,000, ya pili magari mawili 22,000, ya tatu magari matatu au kuvuka maji 30,000. Mjimwema inaangukia ya tatu, siku tano ni 150,000.

Nimesema magari na sio kilomita makusudi. Wengine wanachaji kwa kilomita za ramani na hapo wanajimaliza. Kivukoni na Kigamboni zinatazamana, unaona watu wa ng'ambo kwa macho, ukipima kwenye ramani ni karibu kuliko kutoka kwako kwenda sokoni, lakini ngoja upange foleni ya pantoni saa kumi na moja jioni. Na mtu wa Kimara anafika Posta kwa basi moja la mwendokasi linalopita njia yake lenyewe, ila Masaki ambayo haiko mbali na Posta lazima aunganishe. Kanda zipangwe kwa masaa na idadi ya kuunganisha, na zipangwe kuanzia unapolala wewe, usikopi za mwenzako wa Tegeta.

*Barabara ikigoma:* mnagawana. Siku mbaya unaumia kidogo, siku nzuri unafidia, na kwa kuwa una wateja wengi kwenye kanda hasara haikai kwa mmoja.

*Muda:* umo ndani, kama ulipanga kanda kwa masaa.

*Mteja:* anaielewa haraka, kama ada ya kupelekewa chakula nyumbani ambayo ameshaizoea, haulizi kwa nini Kigamboni ni ghali. Tatizo ni mpakani, mteja anayekaa mita mia mbili kuingia kanda ya tatu atakwambia "mimi si karibu na fulani". Mpe namna, usibishane kwa ajili ya mtaa mmoja. Na nauli za daladala zikipandishwa na LATRA lazima urekebishe jedwali lote na uwatangazie wa zamani, sio wapya tu.

*Mnyama:* kawaida.

*Inamfaa:* mwenye wateja wengi waliotawanyika, na anayetaka kuweka bei hadharani kwenye status au Instagram. Kwa mtu mwenye wateja wawili wa kudumu ni kazi bure, atengeneze jedwali la nini.

4. Kulala hukohuko

Unahamia kwa mteja mpaka arudi, unachaji kwa usiku, nauli inalipwa mara moja ya kwenda na kurudi. Tufanye 30,000 kwa usiku, tano ni 150,000 jumlisha 8,400, unapata 158,400. Angalia hiyo namba vizuri, haipishani sana na ya kanda au bei ya jumla, na masaa ya njiani yamekuwa manne badala ya ishirini.

*Barabara ikigoma:* karibu haikuhusu, ukishafika umefika. Ndo maana kwa masika hii njia inapendwa.

*Muda:* hapa inabidi uwe mkweli na nafsi yako. Huko njiani umeokoa, lakini umefungwa. Wateja wako wa Kimara na Ubungo wiki hiyo hawapo. Kama kawaida unazungukia nyumba tatu kwa siku, 30,000 kwa usiku ni hasara hata kama unalala kwenye kiyoyozi, na kama wiki hiyo huna kazi nyingine ni hela nzuri na kitanda kizuri. Bei ya usiku isitoke hewani, itoke kwenye kile unachokiacha.

*Mteja:* anaona ghali mwanzoni mpaka ajue nyumba nayo ina mtu. Hapo ndo unamshinda mlinzi, mlinzi yuko nje getini, wewe uko ndani, maji yakipasuka jikoni unayaona. Lakini nayeye akishajua uko ndani anaanza kuongeza, mwagilia maua, fundi wa AC anakuja Alhamisi mpokee, kuna mzigo unakuja saini. Andika mapema kazi ni ipi na ya ziada ni ngapi. Na useme wazi kwamba kulala sio kukaa masaa 24, unaruhusiwa kutoka kwa masaa kadhaa kutafuta mambo yako.

*Mnyama:* anafaidi kuliko njia zote. Mbwa hasa, mbwa aliyezoea watu ndani ya nyumba akibaki na ziara mbili kwa siku analia usiku mpaka majirani wanapiga simu. Mzee, mgonjwa au mwenye dawa za kila baada ya masaa, hakuna mjadala, ni kulala.

*Inamfaa:* kijana asiye na familia ya kurudia jioni, kazi za mbali sana, mbwa. Kwa dada anayekwenda kulala nyumba asiyoijua nashauri akutane na mteja kabla, mlinzi atambulishwe rasmi mbele ya mwenye nyumba, chumba kiwe na komeo la ndani, na kuna mtu wako awe na ramani ya mahali. Kama mteja anaona hayo ni usumbufu basi hiyo kazi iache.

Mkoani je?

Bagamoyo, Morogoro, Arusha, Unguja, hapo ziara za kwenda na kurudi zimekufa zenyewe, unabaki na kulala tu, swali ni siku za kusafiri. Treni ya SGR imebadilisha hesabu za Morogoro, ilipoanza 2024 daraja la kawaida kutoka Dar lilikuwa 13,000 na safari sio ya kukuharibia siku nzima, kwahiyo siku ya kusafiri unaweza kuichaji nusu. Arusha kwa basi ni siku nzima barabarani, kwenda moja na kurudi moja, mteja anayetaka kulipa usiku tano anakula siku zako saba. Omba angalau nusu ya bei ya usiku kwa kila siku ya kusafiri, nauli pembeni, na tiketi ya kurudi ilipwe mwanzoni. Desemba ndo balaa lenyewe, wakati ambao wateja wanasafiri kwa wingi ndo huohuo ndugu zetu wa Kilimanjaro wanarudi nyumbani na mabasi ya kaskazini yanajaa, tiketi ya kurudi usiisubirie.

Vitu vya kutoa nje ya bei, njia yoyote ile

Hela ya kutolea. Inaonekana ndogo lakini ukitumiwa laki na nusu kwa simu bila ya kutolea umepunguziwa bei. Chakula na mchanga wa paka mteja aache, ukinunua wewe anarudisha. LUKU iwe na uniti za kutosha, hasa kama nyama ya mbwa iko kwenye friji. Daktari wa mifugo: mkubaliane kabla anaitwa nani, hela inatoka wapi na usafiri wa mnyama analipa nani, maana bajaji wengi mbwa mkubwa hawampakii na ukipata gari litakutoza zaidi. Cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa uone kwa macho kabla hujataja bei, asiye nacho hakuna kazi. Ukiumwa na mbwa osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima alafu hospitali siku hiyohiyo hata kama cheti umekiona, na gharama hiyo iandikwe ni ya nani.

Malipo ya mwanzo nusu, na akiahirisha siku moja kabla hairudi. Umeshakataa wengine kwa ajili yake.

Sasa uchague kwa hali yako

Ndo unaanza na hujui njia za mji vizuri, tumia nauli pembeni yenye kikomo, weka na hela ya muda, na andika kila safari. Baada ya muda utakuwa na namba zako za kweli na unaweza kuhamia kwenye kanda bila kubahatisha.

Una wateja wengi mjini na unaenda kwa baiskeli au pikipiki yako, kanda. Usisahau pikipiki yako nayo inakula tairi na sevisi, usiihesabie mafuta peke yake.

Mteja mmoja wa mbali, siku chache, paka tu, kiangazi: bei ya jumla, ongeza ka-akiba ka siku moja mbaya ndani yake. Kazi hiyohiyo ikiangukia Aprili mvua za masika zimekolea, ama nauli pembeni ama ulale.

Mbwa anayehitaji mara mbili kwa siku na wewe uko ng'ambo ya maji, piga hesabu kabla hujakubali ziara. Ni masaa nane njiani na 16,800 ya nauli kila siku, hakuna bei ya ziara itakayokutosha ambayo mteja atakubali kuilipa. Hapo mpe bei ya usiku tu, kama hataki mtafutie muangalizi wa Kigamboni umuunganishe, ukipata kakamisheni sawa.

Mteja wa muda mrefu anayesafiri kila mwezi, mkae mpange upya kila baada ya miezi kadhaa, mpe punguzo kwenye kazi, usimpe kwenye nauli, maana nauli wewe hupewi punguzo na mtu.

Na yule anayesema mlinzi atawalisha kwa elfu tano, muulize mbwa wanamzoea? Kama ndio, mwambie mlinzi alishe na wewe uje mara moja kila siku mbili kwa bei ya kanda yake, ukague maji, kinyesi, kupe, umtumie video. Kwa mwenye mbwa wa nje wa ulinzi huo mpango mara nyingi unamtosha, na wewe siku za katikati unabaki na wateja wako wa karibu.